Kupunguza Hitilafu ya Gia Parafujo katika Egemeo la Darubini: Mazingira ya Masafu
Egemeo la darubini hufuata nyota kwa parafujo inayozungusha gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 180, parafujo hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 479, na kasoro ya uchongaji wake huiyumbisha nyota mashariki na magharibi kwa kipindi hichohicho.

Masafu, wilayani Busia, Uganda, iko pungufu ya digrii 1 kaskazini mwa Ikweta. Nyota ya kaskazini huzama katika ukungu wa upeo wa macho. Mhimili huelekezwa kwa makadirio, na upotofu wake hudhaniwa kuwa ubovu wa gia. Egemeo jipya huweza kununuliwa bure kwa kosa hilo. Upotofu wa mhimili husogeza nyota polepole, hasa kuelekea kaskazini au kusini, bila kuirudisha. Kasoro ya parafujo huirudisha.

Kwa bahati njema, nyota za ikweta ya anga, zinazodhihirisha kasoro hiyo kwa ukubwa wake wote, hupita hapo karibu na utosi. Kwanza meno yasafishwe vumbi, yapakwe grisi, nafasi baina yake ipunguzwe. Ndipo nyota ipimwe kwa mizunguko kadhaa, na wastani uhifadhiwe katika programu ya mota. Gia ikifunguliwa tena, kipimo hurudiwa, kwani kumbukumbu ya awali haioani tena na parafujo.