Karibu Tani Moja Juu ya Boriti

Tangi la samaki aliloagiza binamu yangu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, lilikuwa na urefu wa sentimita 180, upana 60, kimo 60. Zidisha: lita 648. Lita ya maji ni kilo moja, na ya maji ya bahari inazidi kidogo. Tia vioo, mchanga, mawe na meza yake, unaikaribia tani. Naye alitaka likae sebuleni, ghorofa ya pili.

Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Tangi hilo linaweka zaidi ya 800. Hapo sakafu haiporomoki papo hapo, maana hesabu ile ni ya chumba kizima, na chumba hakijazwi mizigo kila pembe. Ila wageni wa harusi huaga wakaenda zao, tangi haliagi. Mti ukielemewa mfululizo huzidi kupinda mwaka hadi mwaka, hata uzito usipoongezeka. Zege nayo hivyo hivyo, kwa kiasi chake.

Nyumba ile hata zege haina. Imelazwa boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya kale vya pwani, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na hata vya Ghuba, zilikopelekwa kwa majahazi. Ndiyo maana sebule zile ni nyembamba kama ushoroba.

Wembamba huo una faida yake. Tangi likiegeshwa kwenye ukuta mrefu hukanyaga boriti nyingi kwa pamoja, tena karibu na ncha. Katika boriti ya mita 2.8, mzigo ulio sentimita 35 kutoka ukutani huielemea chini ya nusu ya vile ungeielemea katikati.

Lakini ncha ndizo huoza kwanza, kwa kuwa zimezama kwenye ukuta unaofyonza unyevu. Fundi alipanda ngazi katika chumba cha chini yake, akawa anazigonga moja moja kwa mpini wa nyundo. Sita ziliitika ko, ko. Ya saba ikatoa sauti ya dafu tupu. Alipoichokoa, bisibisi ilizama yote, vumbi la mchwa likammwagikia usoni.

Samaki sasa wanaishi chini, ukumbini.