Muvi ya Familia kwa Bando: Ipi Inalipa?

Ukumbi wa sinema hutoza kwa kichwa, bando hutoza kwa saa. Familia ya watu sita ikienda ukumbini inalipa tiketi sita, bisi, soda na nauli ya kurudi usiku. Ikikaa sebuleni, hata watoto wa jirani wakijazana mkekani hawaongezi senti. Ila huko sebuleni kila dakika inakula data, kwa hiyo urefu wa muvi ndio bei yake.

Netflix wenyewe wanakadiria kwamba picha ya ubora wa kati hula takriban GB 0.7 kwa saa, na ile ya HD inaweza kufika GB 3. Hesabu zangu ni za ubora wa kati. Bei ya GB kwenye mtandao wako unaijua mwenyewe.

Tuanze na The Lion King. Ya mwaka 1994 ina dakika 88, yaani GB 1 na ushei. Ya mwaka 2019 imefika dakika 118 kusimulia mambo yaleyale. Manyoya unaweza kuyahesabu, lakini nyuso hazilii wala hazicheki: mfalme Mufasa anakufa, na mtoto wake anatazama kama simba wa Serengeti aliyeshiba. Chukua ya zamani, nusu saa iliyobaki ni yako.

Kwa Jumanji, jua kwanza nani yuko sebuleni. Ile ya 1995, ya Robin Williams, ina dakika 104 na inatisha kidogo. Mtoto anayeogopa buibui asiangalie usiku. Ile ya 2017, ya Dwayne Johnson na Kevin Hart, inachekesha zaidi. Tatizo ni kwamba ina mizaha ya kikubwa ambayo, mama mkwe akiwepo, itakufanya uitafute rimoti haraka. Vijana wakiwa peke yao, sawa.

Harry Potter ndiyo inayomaliza bando za watu. Filamu nane, kuanzia 2001 hadi 2011, zinakaribia saa 20: GB 14 hivi. Usizitazame zote kwa mkupuo. Anza na ya kwanza, dakika 152, na watoto wakiidai ya pili uwape. Ya tatu, aliyoiongoza Alfonso Cuarón, ndiyo bora kuliko zote kwa maoni yangu, na ni fupi kuliko mbili zilizoitangulia. Kuanzia ya nne mambo yanakuwa mazito na watu wanakufa, kwa hiyo wadogo wasubiri wakue.

The Lord of the Rings sishauri kwa simu kabisa. Filamu zake tatu zinapita saa tisa, na vita vile havina maana kwenye kioo cha kiganjani. Ukizitaka kwa HD, jiandae kwa karibu GB 28, au usubiri zipite kwenye king'amuzi ambacho umeshakilipia. Ukitaka muvi ya namna hiyo kwa bando, Narnia ya 2005 inatosha yenyewe, zilizoifuata ziache.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bando, nayo ni lugha. Mtoto wa miaka sita hasomi maandishi ya chini, na bibi hataki kuyasoma, basi mzazi anakesha akitafsiri. Ndiyo maana Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, naiweka juu ya nyingi za Hollywood. Likarion Wainaina aliiongoza kwa dakika 74 tu: binti mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoshirikiana kumtimizia ndoto. Humo Kiswahili kinasikika. Inaliza, kwa hiyo leso iwe karibu.

Na watoto hurudia muvi moja hadi wakubwa wachoke. Huduma yako ikiruhusu kupakua, pakua mara moja kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya kazini, badala ya kulipia upya kila wanapoitaka. Kumbuka tu kwamba muvi iliyopakuliwa huwa na tarehe ya kuisha. Flashi ya muvi zilizonakiliwa mtaani ni rahisi zaidi, lakini ni wizi, na muvi mpya mara nyingi zimerekodiwa ukumbini na kichwa cha mtu kikipita mbele ya picha.

Ukiwa na GB 5 za likizo, tazama hizi: The Lion King ya 1994, Jumanji ya 1995, Supa Modo na Harry Potter ya kwanza. Zote nne zinaingia, na kinabaki kidogo cha WhatsApp.