Majeruhi wa risasi: Kwa nini kazi ya nesi haiishii kwenye kufunga kidonda

Bulyaga, mjini Tukuyu, si mtaa unaosikika kwa milio ya risasi. Lakini gobore moja lililofichwa darini, ugomvi wa shamba na pombe vinatosha kuleta msiba. Na mara nyingi wa kwanza kumpokea majeruhi siyo polisi, ni nesi.

Je, mhudumu wa afya anaweza kuzuia risasi ya pili? Ndiyo, tena kwa njia za kawaida tu.

Matibabu kwanza, PF3 baadaye

PF3 ni fomu ya polisi inayounganisha hospitali, polisi na mahakama. Daktari anaeleza jeraha, na maelezo hayo yanaweza kuwa ushahidi.

Shida ni hofu. Mwenye gobore lisilo na leseni, au familia ambayo ndugu kampiga ndugu, huiona PF3 kama mtego. Wanabaki na kidonda nyumbani. Viongozi wa Serikali wamesisitiza mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Kwa hiyo usisubiri: mwahishe Makandana, Igogwe au kituo kilicho karibu.

Maswali yanayookoa

Nani kakuumiza? Mnaishi naye? Silaha bado ipo nyumbani? Ukiruhusiwa, utarudi wapi?

Majibu yake yanaonyesha hatari iliyobaki. Kama ni mume na mke, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanahusika. Kama ni vijana wanaopanga kulipiza kisasi, kitandani ndipo pa kuzungumza, hasira kabla haijatoka nje ya geti. Huko Oakland, Marekani, mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 1994: kijana aliyejeruhiwa hufuatwa wodini na mtu anayeyajua maisha ya mtaani.

Silaha ndani ya nyumba ni hatari pia kwa mtu aliyekata tamaa ya maisha. Mhudumu akimwona mgonjwa mwenye sonona, awaulize ndugu kama kuna silaha, na iondolewe mapema.

Takwimu bila majina

Mjini Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kuwa majeruhi wengi wa vurugu hawakufika polisi kabisa. Hospitali zikaanza kutoa taarifa za mahali, muda na silaha iliyotumika, bila jina la mgonjwa. Polisi wakajua pa kuelekeza doria, na majeruhi wakapungua.

Gharama yake

Daktari wa upasuaji wa Kenya, Walter Odhiambo, ameeleza kisa cha mgonjwa mmoja aliyepigwa risasi ya taya. Matibabu yalifika takriban dola 6,000. Risasi moja tu!

Wewe ufanye nini?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mwenye silaha awe na leseni. Septemba na Oktoba 2022, Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Ukisikia tangazo kama hilo tena, litumie.

Na ukiulizwa na nesi au mhudumu wa afya wa mtaa wako kama nyumbani kuna silaha, usimwone mmbea. Anajaribu kukuepusha na safari ya usiku kwenda Mbeya na majeruhi kwenye gari.