Jina Mgongoni: Maandishi katika Sanaa ya Lubaina Himid na Funzo Lake kwa Mhakiki

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, chukua kanga yoyote uitandaze. Utaona pindo lililozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na kwenye sehemu ya chini ya mji huo jina, yaani maneno yaliyochapishwa. Maneno yenyewe ni machache, lakini maana yake haikamiliki hadi tujue nani kaivaa, kaivaa wapi, na nani anayekusudiwa kuyasoma. Wema hauozi ikiwa zawadi ya mwana kwa mamake ni shukrani. Ikivaliwa mbele ya jirani aliyesahau fadhila, ni kijembe. Maneno ni yale yale. Muktadha ndio uliogeuka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msanii mmoja wa kisasa anavyoyatumia maandishi kama sehemu ya sanaa yake, na jinsi kazi zake zinavyoweza kutufaa darasani. Haja ipo. Aghalabu mtahiniwa hutaja takriri, akanakili mfano, kisha akaenda zake. Hasemi takriri hiyo inafanya kazi gani. Hivyo fani hubaki orodha, na maudhui muhtasari wa hadithi.

Msanii mwenyewe

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Babake alifariki yeye angali mtoto mchanga, na mamake, ambaye alikuwa mbunifu wa michoro ya vitambaa, akaenda naye Uingereza. Huko ndiko alikokulia na kusomea sanaa. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Miongoni mwa kazi zake ni michoro aliyoipa umbo la kanga, ikiwa na pindo, picha ya kati na maneno. Maneno hayo ni ya Kiingereza, na mengine ameyatoa kwa waandishi weusi wa Marekani, kama vile Audre Lorde na James Baldwin. Umbo ni la pwani yetu, lugha ni ya kwingine, na mtazamaji hulazimika kuvisoma viwili hivyo pamoja.

Watu mia moja na majina mawili mawili

Kazi yake inayotufaa zaidi ni ile ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money. Ina maumbo 100 ya watu, yaliyokatwa kwa mbao bapa, yakapakwa rangi na kusimamishwa ukumbini kwa kimo cha mtu wa kawaida. Hawa ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakwasi wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba na wengineo. Katika michoro ya kale ya Ulaya watu kama hawa huonekana pembeni, kama mapambo tu, bila majina.

Ukiwatazama kwa mbele, utaona mavazi ya rangi za kuvutia. Ukizunguka nyuma, utakuta mgongoni pa kila mmoja karatasi iliyo mfano wa hati ya hesabu za biashara. Juu yake kuna kauli fupi fupi katika nafsi ya kwanza: jina lake halisi, jina analoitwa sasa, kazi aliyoifanya zamani, kazi anayoifanya sasa, na mwishowe kitu kinachomliwaza. Sauti za kauli hizo husikika pia ukumbini.

Hebu tuihakiki kazi hii kama tunavyohakiki shairi. Kwanza, kuna usambamba: muundo mmoja unarudiwa mara mia. Urudiaji huu unaonyesha jinsi biashara ya utumwa ilivyowatendea watu wote kwa kanuni moja. Hata hivyo, yanayojaza muundo huo hutofautiana kwa kila mtu, na hapo ndipo utu wao unapojitokeza. Pili, kuna kinaya: mbele fahari, nyuma hesabu. Tatu, tazama nafsi. Anayesema ni "mimi", lakini waliompa jina jipya ni "wao" tu. Bwana aliyejipa haki ya kumbadilisha mwenzake jina, yeye ndiye asiyetajwa.

Aidha, kazi hii inatusaidia kutofautisha mbinu mbili ambazo watahiniwa huzichanganya. Katika majazi, mwandishi humpa mhusika jina linaloafiki tabia au hali yake. Katika lakabu, mhusika hupachikwa jina na wengine, au hujipachika mwenyewe. Jina la pili la watu wa Himid linakaribiana na lakabu. Kwa hiyo, unapokutana na lakabu usitosheke kuitaja. Uliza: nani aliyelitoa jina hili, alikuwa na mamlaka gani, na mwenye kuitwa analiitikia vipi?

Ukurasa wa gazeti

Kuanzia mwaka 2007, Himid alichukua kurasa za gazeti la The Guardian la Uingereza zenye picha za watu weusi, akapaka rangi na nakshi juu ya sehemu za ukurasa, akiziacha wazi picha na vichwa alivyotaka tuvione. Gazeti halikuwa lazima liseme neno baya. Picha ya mwanamichezo mweusi ikiwekwa kando ya kichwa cha habari kisichomhusu, msomaji huviunganisha viwili hivyo bila kujua. Mpangilio nao husema. Ndivyo ilivyo katika tamthilia: onyesho la karamu likifuatwa na la njaa, mtunzi amekwisha kusema kitu kabla mhusika hajafungua kinywa.

Kwa muhtasari

Kila unapoisoma kazi ya fasihi, jiulize maswali manne: Nani anasema? Anamwambia nani? Maneno yamewekwa wapi? Yamewekwa kando ya nini? Ukiyajibu haya, umuhimu wa mbinu utajitokeza wenyewe, nawe hutahitaji kuukariri.

Zoezi

1. Chagua kanga moja nyumbani. Eleza maana mbili tofauti za jina lake kutegemea mvaaji na mlengwa.
2. Bainisha lakabu moja katika riwaya au tamthilia unayoisoma. Eleza inafichua nini kuhusu aliyeitoa, wala si kuhusu aliyepewa pekee.
3. Chagua mhusika mdogo asiye na jina katika kitabu chako. Mwandikie kauli tano katika nafsi ya kwanza, kisha ueleze ni kwa nini mwandishi hakumpa fursa ya kusema.