Linki Imegoma Ofisini? Soma Hii Kabla Hujalaumu Bosi

Hebu chora hii picha. Ni Jumatatu asubuhi, uko risepsheni ya hoteli moja Watamu. Mgeni kutoka Italia ametuma imeili, na ndani kuna linki ya kuthibitisha vyumba sita. Unabonyeza. Kidirisha kinachomoza kikisema kazi hiyo imesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta hii, ongea na msimamizi. Jamaa wa IT yuko Mombasa na hashiki simu. Meneja naye anapita akiuliza, "Vipi, mgeni ashajibiwa?" Jasho linakutoka na feni iko juu ya kichwa chako.

Tulia. Mara nyingi huo ujumbe unakuchezea tu. Hakuna aliyekufungia.

Iko hivi. Outlook au Word haifungui ukurasa wa mtandao yenyewe. Ukibonyeza linki, inauliza Windows, "Huyu msee hutumia brauza gani?" Kama kuna mtu alitoa Chrome kwenye mashine, au mipangilio ilivurugika, Windows inakosa jibu na kukutemea hayo maneno ya vizuizi. Ukiyasoma unadhani umepigwa marufuku, kumbe mashine imepoteza rada tu.

Cheki hivi: usibonyeze, kopi hiyo linki, fungua brauza, halafu uibandike pale juu. Ikifunguka, shida imejulikana. Ingia Settings, kisha Apps, kisha Default apps, chagua brauza yako iwe ndiyo ya kawaida. Funga Outlook, ifungue tena, ujaribu. Kama Settings yenyewe imefungwa, hapo ngoja jamaa wa IT.

Na ikikataa hata kwenye brauza? Sasa soma kile kioo kinasema, usifunge kwa hasira.

Ukiona ERR_BLOCKED_BY_ADMINISTRATOR, hiyo ni amri ya ofisi iliyo ndani ya Chrome yenyewe. Andika chrome://policy pale juu na utaziona amri zote ulizowekewa. Hutaweza kuzibadilisha, lakini angalau utajua si uchawi.

Ukiona namba 403, kuna seva iliyokusikia na ikakataa kukuhudumia. Inaweza kuwa tovuti yenyewe, au kichujio kinachokaa mlangoni mwa intaneti ya ofisi. Kujua ni nani, toa simu yako, zima Wi-Fi ya kazini, tumia bando lako. Ikifunguka kwa simu, kuna uwezekano mkubwa mlango wa ofisi ndio umefungwa. Ikigoma kote, tatizo pengine liko mbali na meza yako.

Ukiambiwa tarehe ya cheti cha tovuti si sahihi, angalia saa ya kompyuta kwanza. Mashine za kitambo zina betri ndogo ndani. Ikifa, stima ikipotea kidogo saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Kompyuta inaamini iko zamani, kila tovuti inaonekana ya kutiliwa shaka. Rekebisha tarehe na mambo yanakuwa fiti.

Na kuna siku si wewe, si bosi, si IT. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na huduma zikakwama nchi nzima. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazubaa Afrika Mashariki. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilizimwa kwenye mitandao ya simu hapa Kenya. Siku kama hizo ungebadilisha brauza mpaka jua lizame Vasco da Gama Pillar, na bado ingekataa.

Sasa tuongee ukweli. Wengi wetu tukifungiwa tunawaza VPN, au kuchomeka kompyuta ya kazi kwa intaneti ya simu. Manze, tulia hapo. Ile mashine ya risepsheni imebeba pasipoti na namba za kadi za wageni. Machi 2025 Microsoft ilitoa onyo kuhusu matapeli waliojifanya Booking.com na kuwatumia wafanyakazi wa hoteli imeili za uongo. Ukibonyeza linki, ukurasa unakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, ubandike kitu, halafu Enter. Hapo unakuwa umewaingiza wezi kwa mkono wako mwenyewe. Ukurasa wowote ukikuagiza hivyo, funga na uite mtu. Huenda kile kizuizi unachokilaani ndicho kitakuokoa na linki ya aina hiyo.

Pia kuna sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kuvunja ulinzi wa mfumo wa kompyuta na kuingia bila idhini: faini isiyozidi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au zote mbili. Na kabla mambo hayajafika kortini, barua ya kufutwa kazi hufika haraka zaidi.

Kwa hivyo omba ufunguliwe, lakini omba kama mtu anayejua anachofanya. Usiandike tu "net haifanyi". Tuma picha ya kioo, linki yote kamili, saa ilipogoma, ulichojaribu, na sababu ya kazi: "Mgeni wa vyumba sita anasubiri jibu leo." Mtu wa IT akipata hayo yote hana haja ya kukuuliza maswali kumi. Meneja naye akiuliza, una la kumwonyesha.

Na huyo Mtaliano? Usimwache akingoja linki. Chukua simu ya hoteli, mpigie kwa namba aliyoacha wakati wa kuweka nafasi, si ile iliyo kwenye imeili. Kama ni yeye kweli, vyumba sita vitathibitishwa kwa dakika mbili. Kama atashangaa na kusema hakutuma imeili yoyote, basi shukuru Mungu linki iligoma.