Simu Haina Vumbi la Kufagia

"Fundi, simu yangu imekuwa nzito. Nipakue programu gani ya kuisafisha?"

Swali hili nimeulizwa kaunta, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa hata msibani, mtu akininong'oneza huku tunangoja mwili utolewe ndani. Muulizaji hataki maelezo, anataka jina la programu. Nikimwambia hakuna, ananitazama kama fundi mchoyo anayeficha siri ili baadaye amtoze hela. Basi nalijibu hapa kwa kirefu, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi ukurasa huu.

Jibu ni lile lile: hakuna. Hakuna ya bure, hakuna ya kulipia, hakuna hata ile ambayo shemeji yako aliwekewa na muuza simu wa Dubai. Kazi wanayoitangaza wenye programu hizi, yaani kuipunguzia simu mzigo, kuipoza na kuiongezea chaji, haifanywi na programu ya kupakua.

Tuanze na ile asilimia, maana ndiyo inayowatia watu hofu. Unafungua programu ya usafi, duara jekundu linakuonyesha kwamba kumbukumbu imetumika asilimia 87. Unabonyeza, roketi inaruka, duara linageuka kijani, unaambiwa umeokoa MB 640. Umeziokoa na nini? Kumbukumbu inayotajwa hapo ni RAM, na RAM iliyo tupu haikuletei faida yoyote. Haipunguzi matumizi ya umeme kwa kuwa tupu. Android imejengwa juu ya Linux, nayo huijaza RAM kwa makusudi. Ukitoka kwenye WhatsApp kwenda kusoma ujumbe wa malipo, WhatsApp haifungwi. Inalala humo humo kwenye RAM ikingoja urudi. Programu nyingine ikihitaji nafasi, mfumo wenyewe unaiondoa ile iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Shughuli hiyo inaendelea kutwa nzima, kimyakimya, bila roketi.

Sasa wewe unakuja unaziua zote kwa mkupuo. Ukiirudia WhatsApp, simu inalazimika kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi, kuipangia nafasi, kuiunganisha tena na mtandao. Kazi hiyo inaichosha prosesa na inakula chaji kuliko kuiamsha programu iliyokuwa imelala. Na si lazima usubiri uzifungue mwenyewe: nyingi zina kazi zilizopangwa, kwa hiyo zinajifufua muda mfupi tu baada ya kuuawa, unaziua tena, zinafufuka tena. Huyo ni mama lishe anayemwaga birika zima la chai kila mteja mmoja akiondoka, kisha anauliza kwa nini mkaa unaisha haraka.

Wenye mifumo hawajanyamaza kuhusu jambo hili. Machi 2016 mteja mmoja wa Apple aliuliza kama kuzifunga programu za nyuma kunasaidia betri, akajibiwa na Craig Federighi, mkuu wa programu wa kampuni hiyo, kwamba hakusaidii na yeye mwenyewe hafanyi hivyo. Siku chache baadaye Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android, akasema neno hilo hilo kwa upande wake.

Android haikuishia kwenye maneno, imekuwa ikifunga milango mmoja baada ya mwingine. Simu zake zilipoingia sokoni mwaka 2008, wauaji wa programu walishamiri, na walikuwa na uwezo halisi wa kuzima programu za watu. Mwaka 2010, toleo la 2.2 liliwapunguzia makali, wakabaki na ruhusa ya kugusa michakato ya nyuma peke yake. Mwaka 2015, toleo la 6 liliwanyang'anya uwezo wa kufuta kache, yaani mafaili ya muda, za programu nyingine zote kwa amri moja. Mwaka 2023 likaja toleo la 14 na kufunga mlango uliobaki: ile amri ya kuua michakato ya nyuma sasa inaua ya programu iliyoitoa tu, haigusi ya jirani. Maelezo ya Google kwa watengenezaji programu yametamka bila kuzunguka kwamba programu kutoka nje haiwezi kuboresha kumbukumbu, umeme wala joto la simu ya Android.

Kwa hiyo kama simu yako ina Android 14 au toleo la juu yake, unapobonyeza "Safisha" unatazama katuni. Mahesabu ya MB unayoonyeshwa ni sehemu ya katuni hiyo.

Hapo msomaji mjanja ataniambia, "Mbona yangu inazifunga kweli? Naziona zikifungwa moja moja." Umeona sawasawa. Ila kumbuka iliomba ruhusa gani ulipoiweka. Iliomba ruhusa ya ufikivu, ambayo imewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa mfano programu ya kusoma skrini inayomsomea asiyeona. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuona kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Programu yako ya usafi inaingia kwenye mipangilio na kubonyeza kitufe cha kulazimisha programu isimame, kama ambavyo kidole chako kingefanya. Umeipa mamlaka ya kutazama skrini ambayo juu yake unafungua akaunti ya benki na kuingiza namba ya siri ya pesa za simu. Wezi wanaotengeneza virusi vya kuiba hela benki huitafuta ruhusa hii hii kwa udi na uvumba. Na wewe umeitoa kwa kupewa roketi.

Madhara mengine hayana hata mwizi ndani yake. Wanaoyapata zaidi ni wafanyabiashara, watu ambao simu ndiyo duka. Dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp ananiletea simu na kulalamika kwamba oda zinaingia zikiwa zimechelewa, wateja wanamwambia wametuma tangu asubuhi. Amekwisha kubadili laini, amenunua bando kubwa zaidi, amewatukana watu wa mtandao. Naingia kwenye simu yake nakuta programu mbili za kuokoa betri, zinashindana. Ujumbe wa WhatsApp, oda ya dereva wa bodaboda, arifa ya benki, vyote kwenye Android kwa kawaida huamshwa na njia moja ya arifa inayoendeshwa na Google. Programu iliyolazimishwa kusimama haipokei chochote kupitia njia hiyo mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Mteja amengoja, amechoka, amenunua kwa mwingine. Dada yetu ameokoa chaji.

Hawa watu wanaishi kwa nini, kama wanachouza ni hewa? Wanaishi kwa matangazo, na tangazo linamezwa vizuri na mtu mwenye wasiwasi. Ndiyo sababu duara huwa jekundu. Ndiyo sababu, muda mfupi baada ya kusafisha, unaambiwa simu imechafuka tena. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwenye duka lake kwa sababu ya matangazo ya usumbufu, yale yanayojitokeza na kufunika skrini wakati hata hukuwa ukiitumia programu yenyewe. Miongoni mwa zilizoondolewa zilikuwamo za Cheetah Mobile ya China, wenye Clean Master, iliyokuwa maarufu kuliko zote katika biashara hii. Kila tangazo linapakuliwa kwa bando lako. Hata kache wanayojisifu kuifuta, programu zenyewe zitaipakua upya, kwa bando lako pia.

Ndugu zao wa karibu ni programu za kuua virusi zisizo na jina. Maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizipima programu 250 za aina hiyo mwaka 2019. Ni 80 tu zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 ya virusi vilivyowekwa mbele yao bila kuzushia programu safi. Baadhi ya zilizobaki zilikuwa zikitazama jina la programu basi, kama lipo kwenye orodha ni rafiki, kama halipo ni adui. Simu yako yenye duka la Google tayari ina Play Protect tangu 2017. Haikosi mapungufu, lakini angalau inachunguza kitu.

Programu ya kupoza simu nimeshindwa kuiandikia aya. Simu ya kawaida haina feni.

Niseme pia juu ya ile "RAM GB 8" iliyoandikwa kwenye boksi, na chini yake kwa herufi za kutafuta na miwani "4+4". Zile nne za pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi ni nzito mara nyingi kuliko RAM. Inasaidia kidogo programu zilizolala zisiondolewe mapema. Haiigeuzi simu ya nne kuwa ya nane, na muuzaji anayekutoza bei ya nane anajua hivyo.

Sasa kinachofanya simu iwe nzito kweli. Mara nyingi ni hifadhi iliyojaa. Hifadhi ya simu haifutwi herufi moja moja, inafutwa kwa vipande vikubwa. Ikikaribia kujaa, kila ukipiga picha simu inahangaika kuhamisha vilivyomo ili ipate kipande cha kuandikia. Sababu nyingine ni betri iliyochoka. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kwa joto, na hakuna programu inayozirudisha. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba baadhi ya iPhone zenye betri kuukuu zilipunguziwa kasi makusudi zisizime ghafla. Wenye simu hizo wakibadilishiwa betri, kasi ilirudi. Ya tatu ni programu zenyewe kunenepa kila mwaka huku RAM yako ikibaki ile ile ya siku uliyonunua.

Kwa hiyo fanya hivi, haraka haraka. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, itakupangia mafaili makubwa na video zilizosambazwa mara nyingi. Futa bila huruma, kisha zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, hasa kama uko kwenye makundi ya harusi. Hamishia picha kwenye kompyuta au Google Photos. Acha nafasi wazi angalau sehemu moja kwa kumi ya hifadhi yote. Ondoa programu usizozigusa. Zilizo nzito zitafutie toleo jepesi, Facebook Lite ni mfano, au zitumie kupitia kivinjari. Zima simu na uiwashe mara moja kwa wiki. Kwenye mipangilio ya betri tazama nani anakula chaji, mdhibiti huyo mmoja, na usiziguse programu zinazokuletea wateja. Ikichemka, itoe kwenye kava, itoe juani, usiichaji huku unacheza gemu. Ikizima ghafla ikiwa na asilimia 30, leta tubadilishe betri. Vyote vikishindikana, hifadhi nakala ya picha, namba na mazungumzo, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Lakini ukirudishia programu zote zilizokuwamo, usinitafute. Na kama ina RAM ya GB 1, fahamu kwamba kuanzia Android 13 Google inataka angalau GB 2 hata kwa Android Go, toleo lake la simu za bei nafuu.

Kabla ya yote hayo, ondoa programu ya usafi. Anza kuinyima ruhusa ya ufikivu, maana baadhi hukataa kuondolewa zikiwa nayo. Kama ilikuja na simu kutoka kiwandani na haiondoki, izime kwenye mipangilio. Ikigoma kuzimwa, inyime ruhusa ya arifa, angalau inyamaze.