Mla Nawe Msituni: Watoto wa Vita na Viumbe wa Ajabu katika Riwaya ya C. S. Lewis

Utangulizi

Riwaya za fantasia zimezoea kutupiwa lawama moja: kwamba humtoa msomaji katika dunia yenye njaa, vita na dhuluma, zikampeleka katika nchi isiyokuwapo ambako wanyama husema na miti husikiliza. Lawama hiyo huwa nzito zaidi fantasia inapoandikiwa watoto, kwa kuwa mtoto hudhaniwa kuwa mwepesi wa kusahau. Makala haya yanaipima lawama hiyo kwa kuichunguza riwaya moja mashuhuri, The Lion, the Witch and the Wardrobe, yaani Simba, Mchawi na Kabati, ya C. S. Lewis, iliyochapishwa London mwaka 1950. Hoja inayojengwa ni kwamba urafiki baina ya watoto na viumbe wa msituni haukuwekwa katika riwaya hii ili kuvisahaulisha vita. Ndio njia aliyoitumia mwandishi kuuliza swali ambalo vita huliuliza kila siku: mtoto aliyekimbia kwao anapobisha hodi kwa mtu asiyemjua, ni nani atakayemfungulia mlango, na kwa gharama gani?

Usuli wa Riwaya

Tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland, serikali ya Uingereza ilianza kuwahamisha watoto kutoka miji mikubwa iliyohofiwa kupigwa mabomu. Katika muda wa siku chache watu wapatao milioni moja na nusu walisafirishwa hadi mashambani, na miongoni mwao walikuwamo zaidi ya watoto wa shule 800,000 walioondoka bila wazazi wao. Kila mtoto alifungiwa kibandiko chenye jina lake, akabeba barakoa ya kujikinga na gesi ya sumu, akapanda garimoshi pasi na kujua atalala wapi. Katika vituo vingi wenyeji walijichagulia wenyewe watoto wa kwenda nao. Baadhi ya watoto walipata wazazi wa pili, wengine wakageuzwa vibarua, na wapo waliobaki hadi mwisho pasiwe na aliyewataka.

Lewis aliishuhudia hali hiyo nyumbani kwake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Magdalen mjini Oxford, na nyumba yake, The Kilns, ilipokea wasichana kutoka London mwezi huo huo wa Septemba 1939. Nyumba yenyewe ilikuwa zao la vita vilivyotangulia. Lewis, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898 na kufiwa na mama yake mwaka 1908, alipigana nchini Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza na kujeruhiwa mwezi Aprili 1918. Rafiki yake Paddy Moore aliuawa mwaka huo huo, na Lewis akaishi na mama wa marehemu kwa miaka mingi, akimtunza kama mzazi wake. Kwa hiyo, watoto waliofika The Kilns waliingia katika nyumba ambayo tayari ilijua maana ya kumpokea mtu aliyepokonywa wake na vita.

Riwaya yenyewe haivielezi vita kwa kirefu. Katika filamu iliyotolewa mwaka 2005, hadithi inaanza kwa ndege za Ujerumani kuishambulia London, ilhali katika kitabu tukio hilo halimo. Mwandishi anatosheka kusema, kwa sentensi moja tu, kwamba watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, walipelekwa mbali na London kwa sababu ya mashambulizi ya ndege. Wanafikia kwa profesa mzee ambaye nyumba yake imo maili kumi kutoka kituo cha karibu cha garimoshi. Baada ya hapo, ndege za kivita hazitajwi tena. Swali la mhakiki ni hili: je, vita vimekwisha, au vimebadilisha sura?

Fauni Aliyetumwa

Lucy, kitindamimba, anaingia katika kabati la nguo wakati wa kuitembelea na kuichunguza nyumba, anapenya baina ya makoti ya manyoya, na kujikuta katika msitu wenye theluji katika nchi iitwayo Narnia. Kiumbe wa kwanza anayekutana naye ni Tumnus. Huyu ni fauni, kiumbe wa visasili vya Kirumi, mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya mbuzi. Amejifunika mwavuli na kubeba vifurushi. Lewis alieleza baadaye kwamba taswira hii ya fauni mwenye mwavuli katika msitu wa theluji ilimjia akiwa na umri wa miaka 16 hivi, na kwamba hadithi nzima ilitokana nayo.

Tumnus anamkaribisha Lucy pangoni kwake na kumwandalia chai. Kuna yai, dagaa juu ya mkate uliochomwa, siagi, asali na keki yenye sukari. Msomaji wa leo huenda akaipita meza hii haraka, lakini mtoto wa Uingereza wa mwaka 1950 hangeweza. Mgao wa chakula ulikuwa umeanza Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na haukukomeshwa kabisa hadi Julai 1954. Kwa mtoto huyo, meza ya Tumnus ilikuwa ya ajabu kuliko hata miguu yake ya mbuzi.

Hata hivyo, ukarimu huo una sumu. Tumnus anaangua kilio na kukiri kwamba ameajiriwa na Mchawi Mweupe, mtawala aliyeifanya Narnia kuwa kipupwe cha daima. Ameagizwa kumkamata mtoto yeyote wa binadamu atakayemwona msituni na kumkabidhi. Hapa ndipo urafiki wa riwaya hii unapozaliwa, na unazaliwa katika uasi: fauni anaamua kutotii amri. Anamsindikiza Lucy kimyakimya hadi kwenye nguzo ya taa, akijua kwamba hata baadhi ya miti ni majasusi. Watoto wanne wanaporudi pamoja, wanaukuta mlango wa Tumnus umevunjwa, picha ya baba yake imeraruliwa, na tangazo limeachwa likisema kwamba amekamatwa kwa uhaini. Limetiwa sahihi na mkuu wa polisi wa siri, ambaye ni mbwamwitu. Vita havikubaki London. Msomaji aliyesikia habari za Ulaya ya miaka ya 1940, ambako watu waliuawa kwa kosa la kumficha mtoto wa jirani, hakuhitaji kufafanuliwa tangazo hilo.

Ndugu Aliyenunuliwa

Edmund naye anapata mwenyeji. Mchawi anamkuta akitetemeka kwa baridi, anamfunika joho lake, anampa kinywaji cha moto, kisha anamlisha kitamutamu laini cha Kituruki. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kinachokikaribia ni haluwa, kwani vyote viwili hupikwa kwa wanga na sukari. Kitamutamu hicho kimerogwa: anayekionja hukitamani tena na tena. Akiwa anatafuna, Edmund anaulizwa maswali, naye anajibu yote. Anasema ana kaka mmoja na dada wawili. Anasema pia kwamba dada yake mmoja amekwisha kufika Narnia na kukutana na fauni. Taarifa hiyo ndiyo inayomtia Tumnus mbaroni.

Mwandishi ameziweka karamu hizi mbili sambamba makusudi. Zote zinatolewa kwa mtoto mgeni mwenye baridi. Tofauti ni kwamba Tumnus anaanza kwa hila na kuishia kwa uaminifu, ilhali Mchawi anaanza na kuishia kwa hila. Wahenga walinena kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Riwaya hii inaupindua msemo huo. Aliyekula na Lucy ndiye anayegeuzwa jiwe kwa ajili yake, na aliyezaliwa naye ndiye anayemuuza. Hili ni fundisho chungu kwa msomaji mtoto, lakini ni la kweli kwa aliyehamishwa na vita: damu pekee haimlindi mtu, na usalama wake unaweza kutoka kwa asiyefanana naye hata kwa umbo.

Wenyeji Wadogo na Huruma

Baada ya Tumnus kutoweka, watoto wanaongozwa na ndege mdogo mwenye kifua chekundu hadi kwa Bwana Biva. Biva ni mnyama wa mito ya nchi za baridi, akataye miti kwa meno na kujenga mabwawa. Watoto wana haki ya kumshuku, naye halalamiki kushukiwa. Anatoa kitambaa cha mkono ambacho Lucy alimwachia Tumnus, kiwe thibitisho la uaminifu. Kisha anawapeleka kwake, ambako Bi. Biva anawapikia samaki na viazi. Edmund anachopoka wakiwa mezani, na wenyeji wanalazimika kuihama nyumba yao usiku huo huo. Waliowapokea wakimbizi wanakuwa wakimbizi.

Tukio dogo kuliko yote ndilo lenye uzito mkubwa. Mchawi, akiwa safarini na Edmund, anakuta kindi, mbweha na viumbe wengine wakisherehekea msituni. Anawauliza walikopata chakula hicho, na kwa ghadhabu anawageuza mawe wote, mezani walipoketi. Edmund, ambaye hadi hapo amejihurumia mwenyewe tu, anamhurumia mtu mwingine kwa mara ya kwanza katika hadithi. Hajafundishwa na mzazi wala mwalimu. Amefundishwa na sanamu ya kindi. Baadaye simba Aslan, ambaye jina lake ni neno la Kituruki lenye maana ya simba, anajitoa auawe badala ya Edmund, na panya wadogo wanazitafuna kamba alizofungwa. Lewis alikuwa Mkristo, na mwangwi wa imani yake hapa hausitiriki, ingawa mwenyewe hakukubali kwamba kitabu ni istiara. Aslan anapofufuka anawapulizia pumzi waliogeuzwa mawe, Tumnus akiwemo, nao wanapata uhai.

Nafasi ya Fantasia

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuiona mbinu hii kuwa ngeni. Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya riwaya ya Lewis. Nchi yake inaelea angani, lakini wahakiki wengi wameiona ndani yake Tanganyika ya wakoloni. Katika Adili na Nduguze, ndugu wenye husuda wanamsaliti ndugu yao na kugeuzwa manyani. Hakuna haja ya kudai kwamba waandishi hawa walisomana. Linalodhihirika ni kwamba fantasia humwezesha mwandishi kuliweka jambo zito mbali kidogo, ili msomaji athubutu kulitazama.

Riwaya ya Lewis haikosi kasoro. Rafiki yake J. R. R. Tolkien hakuipenda, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba fauni wa Kirumi na Baba Krismasi wamechanganywa chungu kimoja. Aidha, Baba Krismasi huyo anawapa wasichana silaha lakini anawataka wasipigane, akisema kuwa vita huwa vibaya wanawake wanapopigana. Kauli hiyo inashangaza katika kitabu cha 1950, kwani wanawake wa Uingereza walikuwa wamehudumu katika vikosi vya mizinga ya kutungulia ndege. Hata hivyo, riwaya haiugawi wema na uovu kwa kabila la viumbe. Tumnus alikuwa mtumishi wa Mchawi, na Edmund alikuwa binadamu.

Hitimisho

Mwishoni watoto, baada ya kutawala Narnia hadi utu uzima, wanarudi kupitia kabati na kukuta hakuna hata dakika iliyopita. Vita bado vipo. Mama yao bado yuko mbali. Fantasia haijawaondolea lolote, ila imewafunza kumtambua mwenyeji wa kweli. Wanapomweleza profesa kisa chao, mzee huyo anakisadiki. Kwa mtoto aliyeng'olewa kwao, kusadikiwa ni sehemu ya kupokelewa, na hapo profesa anasimama safu moja na fauni na biva. Lawama kwamba fantasia ni njia ya kukimbia haina mashiko kwa riwaya hii. Waliokimbia ni watoto. Riwaya imebaki mlangoni ikimtazama kila mwenyeji, na kumuuliza kama atafungua.